Zawadi moja, milango mitatu: anthropolojia ya utamaduni, sosholojia au saikolojia ya tamaduni?

Mwaka 1969 mwanaanthropolojia Richard Lee alichapisha kisa kifupi kilichomhusu yeye mwenyewe na ng'ombe. Alikuwa akiishi na Waju/'hoansi wa Kalahari, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, akipima chakula chao: nani kaleta nini, nani kala kiasi gani. Ili asivuruge vipimo vyake hakugawa chakula chake, na akiba aliyoiweka kambini ikamfanya aonekane bahili. Krismasi ilipokaribia akaamua kuwashukuru kwa ushirikiano wa mwaka mzima, akanunua maksai mkubwa kuliko wote aliowaona. Habari zilipoenea wakaanza kumjia mmoja mmoja: umenunua gunia la mifupa, tutakula pembe zake? Watu watalala njaa, na ugomvi utazuka. Lee akahangaika. Maksai akachinjwa, mafuta yakaonekana tele, watu wakala na kucheza siku mbili huku wakimcheka. Alipouliza maana ya mzaha ule akaambiwa kwamba ndivyo anavyofanyiwa kila mwindaji anayerudi na nyama nyingi. Kijana akiua mnyama mkubwa huanza kujiona bwana wa wenzake. Basi nyama yake huitwa takataka, mpaka moyo wake upoe.

Kisa hiki kinanifaa kama jiwe la mizani. Mtu anayetaka kusoma tamaduni za binadamu hukuta milango mitatu iliyo wazi, yaani anthropolojia ya utamaduni, sosholojia na saikolojia ya tamaduni, na maelezo yaliyobandikwa juu ya kila mlango yanafanana kama mapacha: "tunachunguza binadamu katika jamii". Ukiyasoma hayo pekee hutajua uingie wapi. Nimeona ni afadhali kuchukua jambo moja ambalo fani zote tatu zimelihangaikia, yaani zawadi, na kuangalia kila fani inalifanyia nini. Sifichi kwamba nina upande wangu, na utauona.

Kuna kipimo kimoja kibovu cha kuondoa njiani kwanza. Utasikia kwamba anthropolojia huchunguza watu wa mbali wanaoishi "kimila", na sosholojia huchunguza miji na viwanda. Mgawanyo huo ulikuwepo kweli, na asili yake haipendezi. Katika karne ya 19 Mmarekani Lewis Henry Morgan aliwapanga binadamu wote kwenye ngazi moja, kutoka unyama hadi ushenzi hadi ustaarabu, na bila shaka watu wa kwao ndio waliokuwa juu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1877. Miaka 6 kabla yake Edward Tylor wa Uingereza alikuwa ameutolea utamaduni fasili inayonukuliwa hadi leo: jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na uwezo mwingine wowote ambao mtu huupata kwa kuwa mwanajamii. Fasili ni nzuri, hasa kwa neno moja, "huupata". Utamaduni hatuzaliwi nao, tunafunzwa. Lakini Tylor naye alikuwa mtu wa ngazi.

Leo ngazi imevunjika na mgawanyo wake umekufa nayo. Mwanaanthropolojia Karen Ho aliandika kuhusu wafanyakazi wa benki za uwekezaji za Wall Street, kitabu kikatoka mwaka 2009. Upande wa pili, William Foote Whyte, ambaye wanasosholojia humhesabu kuwa wao, aliishi miaka kadhaa katika mtaa wa wahamiaji wa Kiitalia mjini Boston, na kitabu chake cha mwaka 1943 kina harufu yote ya uwandani. Kwa hiyo usiulize fani ipi inachunguza watu gani. Uliza inaridhika na jibu la aina gani.

Anthropolojia: jibu ambalo mwenyeji angelitambua

Franz Boas alikuwa mwanafizikia. Alipata shahada ya udaktari Kiel mwaka 1881, akaenda kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, mwaka 1883 kuchunguza jiografia, na alichojifunza kwa Wainuit kikambadilisha. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, alifundisha kwamba kila utamaduni una historia yake na haufai kupimwa kwa rula ya mwingine, na kwamba maumbile ya mwili hayaelezi lugha wala desturi. Kizazi cha wanafunzi wake, wakiwemo Ruth Benedict, Margaret Mead na Zora Neale Hurston, ndicho kilichoieneza anthropolojia ya utamaduni Marekani. (Uingereza walizoea kuiita anthropolojia ya jamii. Tofauti ipo, ila anayeanza asipoteze usingizi kwa ajili yake.)

Njia yenyewe ya kazi ilipata sura yake maarufu kwa Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyefanya utafiti visiwa vya Trobriand, karibu na Guinea Mpya, kati ya 1915 na 1918. Alipiga hema katikati ya kijiji, akajifunza lugha, akala, akaugua, akachosha watu kwa maswali na wao wakamchosha kwa kuwepo kwao saa zote. Huo ndio utafiti wa uwandani: kushiriki huku unachunguza.

Alichokikuta huko ni Kula, mzunguko wa zawadi unaounganisha visiwa vingi. Mikufu ya kombe nyekundu huzunguka kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, na vikuku vya kombe nyeupe huzunguka kinyume chake. Vikuku hivyo huitwa *mwali*, jina la Kitrobriand, asije mtu akatafuta unyago humo. Vitu hivi havina matumizi ya maana. Vingi havivaliwi. Na hakuna anayevimiliki daima: ukipokea, ukae navyo kwa muda, usifiwe, kisha uvipitishe kwa mshirika wako wa kisiwa kingine. Watu walivuka bahari ya hatari kwa mitumbwi ili kupokea kitu watakachokitoa tena.

Mtazamaji wa haraka angesema hii ni biashara ya watu wasiojua biashara. Malinowski alikaa muda wa kutosha kugundua kwamba wenyeji wana neno tofauti kabisa kwa biashara ya kubishania bei, *gimwali*, na kwamba mtu anayeharakisha Kula kwa tamaa hulaumiwa kuwa anaifanya kama gimwali. Hapo ndipo uzito wa fani ulipo. Wenyeji walikuwa tayari na nadharia yao ya zawadi na bei, yenye istilahi na matusi yake. Kazi ya mtafiti ilikuwa kuikuta. Kitabu chake kilitoka mwaka 1922, na miaka 3 baadaye Marcel Mauss, Mfaransa ambaye hakuwahi kufanya utafiti mrefu wa aina hiyo, aliziweka pamoja habari za Trobriand, za pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika na za kwingineko, akasema zawadi hubeba wajibu tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Zawadi ya bure kabisa, kwa maoni yake, ni vigumu kuipata.

Rudi sasa kwa Lee na maksai wake. Angeuliza kwa hojaji, "Je, umeridhika na zawadi uliyopewa?", wote wangejibu hapana, na takwimu zake zingekuwa safi na za kipuuzi. Ilibidi afedheheke kwanza ndipo aelewe. Katika anthropolojia kosa la mtafiti mara nyingi ndilo data bora aliyonayo, na hili ni jambo la kujiuliza mapema: je, uko tayari kuonekana mjinga mbele ya watu kwa miezi mingi, na kuiandika hali hiyo kila jioni?

Sosholojia: jibu linalosimama ukihesabu

Mwaka 1970 Richard Titmuss, msomi wa sera za jamii huko London, alichapisha kitabu kuhusu zawadi ya aina nyingine: damu. Aliweka Uingereza na Marekani bega kwa bega. Uingereza damu ilitolewa bila malipo, kwa mtu ambaye mtoaji hatamjua wala kushukuriwa naye. Marekani wakati huo sehemu kubwa ya damu ilinunuliwa. Akatumia takwimu za kitaifa, akawapa maelfu ya watoaji hojaji, na akafikia hoja iliyowakasirisha wanauchumi kadhaa: soko la damu lilipoteza zaidi, tena lilileta damu ya hatari zaidi, kwa sababu anayeuza damu ana kila sababu ya kuficha ugonjwa wake.

Angalia jinsi swali lilivyogeuka. Malinowski anauliza zawadi ina maana gani kwa anayeitoa. Titmuss anauliza nchi nzima hupata nini inapopanga utoaji kwa njia hii badala ya ile. Huwezi kulijibu swali la pili kwa kupiga hema nje ya kituo kimoja cha damu, hata ukikaa miaka 10. Unahitaji sampuli, viwango na ulinganisho wa sera.

Mzee wa njia hii ni Émile Durkheim, mjomba wake Mauss. Katika utafiti wake wa mwaka 1897 alichukua kitendo kinachoonekana kuwa cha faragha kuliko vyote, kujiua, akaonyesha kwamba viwango vyake hutofautiana kwa utaratibu kati ya makundi ya kidini, kati ya waliooa na wasiooa, kati ya nyakati na nyakati. Mtu mmoja mmoja ana sababu zake. Kiwango kina sababu nyingine, na hiyo iko katika jamii. Ukisoma hapo ukahisi mwili unakusisimka, umeshajijua wewe ni wa mlango upi.

Udhaifu wake uko palepale penye nguvu. Hojaji huamini kwamba swali ni swali tu, na kwamba anayeulizwa analichukua kama lilivyokusudiwa. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu Wanuer, wafugaji wa Sudan Kusini ya leo, anasimulia jinsi mtu mmoja alivyomzungusha kwa swali jepesi kabisa, jina la ukoo wake. Kila jibu lilikuwa swali jipya: unataka jina la ukoo la nini? Utalifanyia nini? Kwa Mnuer, mgeni anayeulizia ukoo wako anaulizia pia uadui wako na deni lako. Sehemu ya hojaji iliyoandikwa "Taarifa za msingi", ambayo watafiti huijaza kwa kalamu ya haraka, ilikuwa ndio jambo zito kuliko yote.

Haki itendeke, wanasosholojia makini wanalijua hili, hufanya mahojiano marefu kabla ya kutunga hojaji, na wengi wao hawagusi hojaji kabisa. Lakini mafunzo ya fani yatakusukuma kwenye hesabu: utasoma takwimu, utajifunza kuchagua sampuli, utapimwa kwa kiasi matokeo yako yanavyoweza kusemwa kuhusu watu ambao hukuwahi kukutana nao.

Saikolojia ya tamaduni: jibu linaloweza kurudiwa

Hapa nitapita haraka zaidi, ingawa jaribio nitakalolisimulia ni miongoni mwa mambo ya kuvutia sana katika taaluma hizi.

Kuna mchezo ambao watafiti huutumia kupima haki. Mtu wa kwanza anapewa kiasi cha fedha na kuambiwa amgawie wa pili sehemu yoyote anayotaka. Wa pili akikubali, kila mmoja huchukua fungu lake. Akikataa, wote hukosa. Wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri kwa kawaida hutoa kati ya asilimia 40 na 50, na fungu likiwa dogo mno hukataliwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa hiyo ndiyo tabia ya binadamu. Kisha mtafiti Joseph Henrich akaupeleka mchezo kwa Wamachiguenga wa Peru: walitoa wastani wa asilimia 26, na karibu kila fungu lilikubaliwa, hata lililokuwa dogo. Kundi la watafiti likaurudia katika jamii ndogo 15 katika nchi 12, matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Wawindaji wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa zaidi ya nusu. Na kwa Waau na Wagnau wa Papua Guinea Mpya kukatokea jambo la kushangaza: watu walikataa pia mafungu makubwa kupita nusu.

Kukataa fedha nyingi za bure! Mchezo wenyewe haukuwa na jibu. Jibu lilitoka kwa wanaanthropolojia waliokuwa wakiwafahamu watu wale: huko, kupokea zawadi kubwa usiyoiomba ni kujifunga deni na kujiweka chini ya aliyekupa. Mauss angetabasamu.

Nguvu ya mlango huu ni kwamba unaleta mahali pote jaribio lilelile, na mwingine anaweza kulirudia na kukukosoa. Aibu yake ya kihistoria ni kwamba kwa miongo mingi saikolojia iliwasoma wanafunzi wake yenyewe na kuwaita binadamu. Uchambuzi mmoja wa majarida makubwa ya Kimarekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta asilimia 96 ya washiriki wanatoka nchi za viwanda za Magharibi, zenye asilimia 12 ya watu wa dunia. Saikolojia ya tamaduni imekua kwa sehemu kama jaribio la kuirekebisha aibu hiyo. Ukiupenda mlango huu, chagua mafunzo yanayokulazimisha kusoma ethnografia pia, yaani maandishi ya uwandani ya wanaanthropolojia. Bila hiyo utarudi na namba nzuri na hujui ulikuwa unapima nini.

Ipi ya kuaminika zaidi?

Hili ndilo swali ambalo wanaochagua huliuliza mwisho, wakati lilipaswa kuwa la kwanza.

Ethnografia inamtegemea mtu mmoja: macho yake, jinsia yake, tabia yake, nani alikubali kuongea naye. Malinowski alipofariki aliacha shajara za uwandani, zikachapishwa mwaka 1967, na wasomaji wakashtuka kukuta ndani yake chuki, uchovu na maneno ya dharau kwa watu walewale aliowaandikia kurasa za heshima. Hilo ni la kusikitisha, lakini kitaaluma lililo zito zaidi ni la mwanaanthropolojia Annette Weiner. Alikwenda Trobriand mwaka 1971 na karibu mara moja akaona kitu ambacho Malinowski hakukipa uzito: wanawake wakigawana mafungu ya majani ya mgomba yaliyokaushwa na sketi walizozishona, kwa maelfu, mtu anapofariki. Ulikuwa utajiri kamili wa wanawake, wenye kulipa madeni ya ukoo na kufanya wanaume wahangaike kuwasaidia kuupata. Bingwa wa zawadi alikaa kijijini, akaangalia zawadi kila siku, na nusu yake ikampita. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa alihitajika mgeni wa pili ili wa kwanza apone.

Mfano mwingine ni wa Margaret Mead. Kitabu chake cha mwaka 1928 kuhusu wasichana wa Samoa kilisema balehe huko haikuwa na msukosuko kama ilivyo Marekani. Mwaka 1983, Mead akiwa ameshafariki, Derek Freeman alichapisha shambulio kali: Mead alidanganywa, Samoa haikuwa hivyo. Mzozo ukadumu miaka, na wengi waliouchunguza baadaye waliona Freeman naye alizidisha chumvi. Lakini fikiri: hata pande zote zingekuwa na nia safi, zingeamuaje? Samoa ya miaka ya 1920 haiwezi kurudiwa kama jaribio la maabara.

Sosholojia ya takwimu na saikolojia zina njia rahisi zaidi ya kugundua makosa ya aina hii, na mtu mwenye kiu ya uhakika atapumua vizuri zaidi huko. Ila makosa yao wenyewe ni ya aina nyingine. Ethnografia hukosea kwa kuona kidogo. Hojaji hukosea kwa kuuliza kisichokuwepo. La kwanza mtafiti mwingine anaweza kulifidia kwa kwenda tena, kama Weiner. La pili linaweza kurudiwa mara 100, na kila mara likatoa matokeo yaleyale yasiyo na maana.

Ndani ya anthropolojia yenyewe kuna waliotafuta uhakika wa hesabu. Mwaka 1888 Tylor aliwasilisha ulinganisho wa jamii kati ya 300 na 400, akihesabu desturi zipi huambatana. Francis Galton, msomi mwenzake aliyekuwa mwenyekiti wa kikao hicho, akauliza swali ambalo halijaisha: utajuaje kwamba jamii hizo ni mifano tofauti, na si nakala za desturi moja waliyoazimana majirani? Mradi ulifufuliwa na mwanaanthropolojia wa Marekani George Peter Murdock. Hazina kubwa ya maandishi ya kiethnografia ikaanzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1949, na mwaka 1969 ikatoka sampuli ya jamii 186 iliyochaguliwa kwa makusudi ya kupunguza tatizo la Galton. Kama unapenda tamaduni lakini hupendi mbu wala mahema, huu ni mlango wa pembeni, nao ni halali kabisa.

Gharama

Vyaelea vimeundwa. Kitabu kimoja cha ethnografia kwa kawaida kina mwaka mmoja au miwili ya uwandani ndani yake, na kabla yake lugha, na baada yake miaka ya kuandika. Daftari za uwandani ndizo mali yako yote. M. N. Srinivas, mwanaanthropolojia wa India, alipoteza nakala za maandishi yake yaliyochambuliwa katika moto uliowashwa kwa makusudi mwaka 1970 kwenye kituo alichokuwa akifanyia kazi Stanford. Ilikuwa kazi ya miaka 18 kuhusu kijiji kimoja. Akaandika kitabu kwa kumbukumbu, kikatoka mwaka 1976, na kuna wanaokiona kuwa bora kwa sababu hiyohiyo. Sipendekezi mbinu hiyo.

Sosholojia inadai uvumilivu wa aina nyingine: hesabu, programu za takwimu, na kukubali kwamba mtu uliyempenda kwenye mahojiano atakuwa mstari mmoja kwenye jedwali. Saikolojia inadai nidhamu ya jaribio, ambapo kubadilisha neno moja katikati ya utafiti ni kosa. Katika anthropolojia kubadilisha swali zima katikati ya utafiti ni dalili kwamba umeanza kuelewa.

Kuna gharama ya kimaadili pia, na hii anthropolojia inaibeba nzito zaidi. Ilikulia ndani ya ukoloni. Watawala walitaka kuwajua watawaliwa, na watafiti walipata vibali, usafiri na ulinzi kwa utaratibu huohuo, hata wale walioupinga. Wapo walioigeuza silaha hiyo: Jomo Kenyatta alisoma chini ya Malinowski huko London na kuchapisha mwaka 1938 ethnografia ya watu wake mwenyewe, ambamo suala la ardhi haliachwi lilale. Ukiingia fani hii utakutana na historia hiyo kila siku, darasani na uwandani, na mtu ana haki kamili ya kukuuliza umekuja kwa niaba ya nani.

Pamoja na hilo kuna mkanganyiko maarufu kuhusu kutohukumu tamaduni. Wanafunzi wengi huingia wakidhani wanatakiwa kukubali kila kitu. Sivyo. Kuahirisha hukumu ni mbinu ya kuelewa: kwanza jua watu wanafanya nini kwa mtazamo wao, ndipo useme. Usipoahirisha hutaelewa, na ukiahirisha milele unakuwa mtalii.

Kuhusu kazi za baadaye, usidanganywe na yeyote anayekuahidi. Ila mchango wa anthropolojia si wa vitabu tu. Katika miaka ya 1960 ya mwanzo Shirley Lindenbaum na Robert Glasse walifuatilia koo na kumbukumbu za Wafore wa Papua Guinea Mpya, waliokuwa wakifa kwa kuru, ugonjwa wa ubongo, na wakaonyesha kwamba ugonjwa uliambatana na desturi ya mazishi ya kula mwili wa marehemu, iliyoanza kipindi ambacho wazee walikikumbuka. Hoja ya kurithi katika damu ikadhoofika. Wakati wa mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014 mazishi yakawa tena kiini cha tatizo, na wanaanthropolojia walikuwa miongoni mwa waliosaidia kupatikana kwa utaratibu wa mazishi salama yenye heshima, ambao familia zingeweza kuukubali.

Uchague vipi

Ningemwelekeza sosholojia mtu anayesoma kisa cha maksai wa Lee na kuuliza mara moja: je, jamii ngapi hufanya hivyo, na zinazofanya hivyo zina usawa zaidi wa mali? Ningemwelekeza saikolojia anayeuliza: tukimsifia mwindaji mmoja na kumkejeli mwingine, tabia zao zitatofautiana? Na yule anayetaka kujua nani hasa alicheka, nani alinyamaza, wanawake walisema nini jioni ile, na kwa nini hakuna aliyemwambia Lee mapema, huyo ni wa anthropolojia, na pole yake, maana maswali ya namna hiyo hayaishi. Mimi niko kundi hilo. Naamini pia kwamba wa milango mingine miwili wanapaswa kupita hapa walau muhula mmoja, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja kwa Waau na Wagnau.

Ukiwa bado huna uhakika, kuna zoezi la wiki moja. Tafuta tukio dogo la kutoa na kupokea linalojirudia karibu nawe: watu kazini wakichangiana, majirani wakiazimana, lolote. Siku 3 za kwanza kaa tu uangalie, na kila jioni andika kurasa 2 bila kutumia neno "kawaida". Siku 2 zinazofuata tunga maswali 10 na uwaulize watu 10 maswali yaleyale, kwa maneno yaleyale. Siku ya sita badilisha kitu kimoja: toa wewe, kidogo kupita kiasi au kingi kupita kiasi, uone kinachotokea. Siku ya saba soma ulichoandika, na angalia ni daftari la siku zipi ulilolifungua kwanza.